Miiba ya Kuandikia

Alikuwapo nungunungu msomi, akiandika tasnifu kuhusu namna miiba inavyowakinga nungunungu na chui. Kalamu zake alizing'oa mgongoni mwake mwenyewe. Mwiba ukiwa butu, anang'oa mwingine.

Mkewe akamwambia, "Baba Mwiza, pumzika. Miiba huota tena ukiiacha."

"Nimalize sura hii kwanza, Mama Mwiza. Nitapumzika nikihitimu."

Sura ikazaa sura. Siku aliyoweka nukta ya mwisho, chui akamtokea. Nungunungu akamgeuzia mgongo, kama alivyoeleza vizuri kabisa kwenye tasnifu. Mgongoni hapakuwa na hata mwiba mmoja.

Watahini waliisifu sana kazi ile. Aliyepanda jukwaani kuipokea shahada alikuwa mjane.