Wimbo Ndani ya Nta

Mwanamke wa skafu alifika tena, akasimama palepale mbele ya mashine ya tatu ya kusikilizia sauti zilizonaswa, akainyooshea kidole silinda ileile.

"Mzimu wako huyo," Gaspard alinong'ona kutoka mashine ya jirani. "Joto lote hili, na sufu shingoni! Wanaosikia baridi Agosti ni waliokufa tu, ndugu yangu."

"Nyamaza, atakusikia."

"Akisikia si ajibu? Tangu Julai amewahi kukupa hata salamu?"

Aristide hakumjali. Aliipachika silinda ya nta kwenye mashine, akampa mwanamke mirija ya mpira ya kusikilizia, naye akatia mingine masikioni mwake, maana mwendeshaji lazima ajue kama sindano inakwenda sawa. Jumba la Mashine lilinguruma pande zote. Ndani ya mpira, mtu alizungumza.

"Mimi ni Odile Ferrand, dobi, wa Belleville."

Kila silinda ilianza kwa jina la mwenye sauti, ili nta zisichanganyike. Hii ilinaswa mwezi Mei, Maonyesho ya Paris yalipofunguliwa, kabla Aristide hajaajiriwa. Baada ya jina ulifuata wimbo wa kubembelezea mtoto, kuhusu mashuka yanayopepea juani na upepo unaoyavaa. Katika ubeti wa pili sauti ilikatika kwa kicheko: "Ala! Kananipiga teke, haka!" Kisha ikaendelea hadi mwisho.

Aristide alikuwa akisubiri kicheko hicho kila siku. Usiku kilimfuata hadi chumbani kwake.

Mwanamke wa skafu alisikiliza akiwa amefumba macho. Mikono yake ilikuwa myekundu, imechubuliwa na sabuni. Dada yake Odile, Aristide aliwaza, au mwenzake wa kwenye bao la kufulia. Chini ya wimbo alisikia mluzi mwembamba, kama hewa inayopenya ufa. Aliikagua mipira yote baadaye. Haikuwa na ufa.

Siku moja akapata ujasiri.

"Samahani, bibi. Huyu Odile… ni uzazi uliomchukua?"

Mwanamke alimtazama kwa muda mrefu. Macho yakamjaa machozi. Mkono wake ulipanda hadi kwenye skafu, ukaishika kwa nguvu.

"Pole sana," Aristide alisema, naye akaona haya kwa kuuliza.

Lakini sindano haina huruma. Kila ilipopita, iliondoka na chembe ya nta. Kufikia Septemba, Odile aliimba kama mtu aliye nyuma ya ukuta.

"Bibi, tukiendelea hivi atatoweka," Aristide alimwambia. "Mwache apumzike. Imebaki mara moja. Labda."

Mwanamke aliurudisha mpira upesi kana kwamba umemwunguza. Akasimama akifikiri. Kisha akakunja mikono kifuani, akaipembeza kushoto na kulia, akagusa sikio lake.

"Mtoto?" Aristide alisema. "Yupo hai? Yuko kwa mnyonyeshaji wa kulipwa, kijijini?"

Akaitikia kwa kichwa. Watoto wa madobi wote walipelekwa huko.

"Basi mlete arudipo. Nitaitunza hiyo mara moja. Naapa."

Hakuonekana tena. Oktoba ikapita. Siku mbili kabla ya Maonyesho kufungwa, msimamizi alizunguka na kisu cha kukwangulia.

"Kwangueni silinda zote! Nta ni mali, vijana. Tukifika kwingine tunanasa sauti mpya."

Wakakwangua. Waimbaji, wanajeshi, wazee wenye vichekesho, wote wakaanguka sakafuni kama maganda ya karoti. Aristide aliificha silinda ya Odile ndani ya kopo lake la chakula, katikati ya mkate.

"Umerukwa na akili," Gaspard alisema. "Ufukuzwe kazi kwa ajili ya mzimu?"

"Kuna mtoto ambaye hajawahi kumsikia mama yake."

Gaspard alikikuna kidevu chake. "Lifunike kopo vizuri basi, mpumbavu wewe. Nta inaonekana."

Siku ya mwisho baridi ilikuwa kali. Paris nzima ilikuwa imejifunga skafu. Watu walisukumana kwenda kuuona mnara wa chuma kwa mara ya mwisho, na Aristide alikuwa ameanza kukata tamaa alipomwona mwanamke yule akipenya umati, amebeba mtoto mnene mwenye kofia ya kufuma.

"Haraka," Aristide alisema. Gaspard alikuwa tayari amekwenda kumzuia msimamizi kwa hadithi ndefu kuhusu mkanda wa mashine uliokatika.

Aristide aliipachika silinda. Mwanamke alitia mpira mmoja sikioni mwake, na wa pili akaushikilia taratibu kwenye sikio la mtoto. Akamgeuza amtazame usoni. Kisha, katika baridi ile, akaifungua skafu yake na kuiacha ianguke.

Kwenye shimo la shingo, chini kidogo ya koo, kulikuwa na bomba dogo la fedha, lililowekwa na daktari. Pumzi yake ilipita humo, si mdomoni tena, ikitoa ule mluzi mwembamba.

Sindano ikashuka. Kwa mbali sana, nyuma ya kuta nyingi, sauti ilisema jina lake, na midomo ya mwanamke ikalitamka pamoja nayo, bila kutoa sauti: Mimi ni Odile Ferrand. Mtoto aliutazama mdomo ule, asipepese macho, wimbo ukipita ndani yake, mpaka ubeti wa pili, ambapo kicheko kilifika midomoni mwa mama kabla hakijafika kwenye nta.