Amevaa Kama Binti wa Mikate

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Ijumaa, kitanda cha binti kilikuwa kimetandikwa na mlango wa kabati ulikuwa wazi. Mama yake, dobi, alitazama kilichopungua: sketi ya kijivu, shati jeupe la kiume ambalo mteja hakurudi kulichukua, mkanda mpana wa ngozi, skafu ya bluu, viatu vya kiume vya kamba. Vingine vyote vilikuwepo.

Hakuhitaji kuuliza mavazi hayo yametoka wapi. Ndivyo alivyovaa Binti wa Mikate, msichana wa hadithi iliyotoka gazetini kila Alhamisi: mikono ya shati imekunjwa mara tatu, mkanda juu ya sketi, fundo la skafu kwenye bega la kushoto. Mtu asiyesoma gazeti lile angeona nguo za kawaida tu. Waliolisoma walitambuana barabarani.

Na jana, Alhamisi, Binti wa Mikate alikuwa ametoroka kwao alfajiri bila kuaga.

Kwenye kituo cha mabasi, karani wa tiketi alimsikiliza dobi hadi mwisho, akajikuna shingo kwa kalamu.

"Skafu ya bluu, fundo kushoto?"

"Huyo huyo!"

"Mama, wa namna hiyo nimewakatia tiketi wanne tangu alfajiri. Wako ni yupi?"

Saa tatu kamili alikuwa katika ofisi ya gazeti. Mhariri, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimpa kiti. Dobi hakukaa.

"Namtaka mwandishi wa Binti wa Mikate."

"Hata mimi namtaka. Sijawahi kumwona. Kazi yake huja kwa posta, na barua za wasomaji tunampelekea kwenye sanduku lake."

"Basi mwandikie. Mwambie amrudishe yule msichana nyumbani. Wiki hii hii."

"Mama yangu, ile ni hadithi."

"Kwako wewe. Wangu anamfuata hatua kwa hatua. Yule kavaa skafu, naye skafu. Kakunja mikono, naye kakunja. Mpaka viatu! Jumatatu wangu kavaa viatu vya kiume, nikamcheka. Alhamisi gazeti linakuja, na yule naye kavaa. Huo si wendawazimu?"

Mhariri alisema vijana wa siku hizi ndivyo walivyo. Akauliza binti anafanya kazi gani.

"Ananisaidia kufua. Akili anayo, mikono ndiyo haina haraka. Kutwa kalamu tu, kalamu tu. Namwambia, mashati hayajipigi pasi."

Mhariri alitabasamu. "Umesema kama yule mama wa kwenye hadithi. 'Mikate haijichomi.'"

"Usinifananishe na yule!" Dobi aligonga meza. "Yule naye ni mama? Mtoto anamwomba arudi shule, yeye anamcheka mbele ya wateja! Nikisomewa habari zake huku napiga pasi, natamani niingie humo gazetini nimzabe kofi."

"Nani anakusomea?"

"Si huyo huyo binti? Kila Alhamisi. Namtukana yule mama mpaka mwenyewe anaacha kusoma, ananitazama."

Mhariri alifungua jalada la barua. Alieleza kwamba mwandishi alikuwa amesita kwa majuma matatu. Hakutaka msichana aondoke. Aliona ni dhambi kumwacha mama peke yake. Mwishowe aliomba wasomaji waamue. Wengi walijibu kwamba abaki, avumilie. Lakini mwandishi alirudisha barua moja tu, ameipigia mstari kwa wino mwekundu, na chini yake ameandika: Hii imetosha.

"Sikiliza," alisema mhariri, akasoma. "'Mama wa namna hiyo hastahili machozi. Ningekuwa mimi ndiye binti yake, ningeondoka alfajiri, nisiage, nimwachie mikate yake. Binti, ondoka, wala usigeuke nyuma.' Haina jina."

Dobi alikaa kwenye kiti. Aliijua barua ile bila kuiona. Aliiandika kwa mkono wake, juu ya meza ya kupigia pasi, binti akiwa sokoni, na akaipeleka posta mwenyewe.

"Sikuwa nikisema na wangu," alisema.

Mhariri hakuelewa, lakini aliona uso wake ulivyobadilika. Akavuta bahasha kutoka kwenye mtoto wa meza.

"Leo ameleta sehemu ya mwisho. Safari hii haikuja na posta. Tulipofungua ofisi tuliikuta imepenyezwa chini ya mlango. Sijaisoma bado. Itazame wewe. Huenda anarudi."

Dobi alijifuta mikono kwenye gauni, ingawa ilikuwa mikavu, akatoa karatasi ya kwanza.

Hakusoma hata sentensi moja. Mwandiko ulikuwa uleule wa vikaratasi vya majina ya wateja, ambavyo binti yake aliviandika, na yeye akavibana kwa pini kwenye kola za mashati, kila siku kwa miaka sita.