Herufi Kubwa

Asubuhi ile laptopu ilipowashwa, kioo kilikaa giza kwa muda, kisha kikajaa herufi kubwa kama maandazi. Mwatumu alijua mara moja kuwa draiva, ile programu inayoendesha kioo, ilikuwa imekorofisha. Akaenda kuepua chai kwanza.

Aliporudi alimkuta mumewe, Shamte, mbele ya laptopu, akijisomea habari za mpira kwa sauti bila kukwama popote. Mwatumu alisimama na birika mkononi. Miaka yote hii Shamte alikuwa akimwambia, "Nisomee, Mama Shani, sauti yako tamu," naye akiona haya na kumsomea.

Baada ya chai aliiweka draiva upya. Herufi zikarudi ndogo, safi. Shamte alizitazama kidogo akikaza macho, akarudisha kiti nyuma.

"Nisomee, Mama Shani. Sauti yako tamu."

Mwatumu alisoma mstari mmoja tu. Kisha akaiondoa draiva, akaizima laptopu na kuiwasha tena. Kioo kikaingia giza.

"Imeharibika tena, Baba Shani," alisema, akimvutia kiti karibu. "Leo utanisomea wewe."

Wakakaa bega kwa bega, wakilisubiri giza liondoke.