Mazulia Juu ya Sola

Gari la shemeji lilikuwa limeshashika njia ya kutoka Irbid, Jordan, kwenda Umra, na Sulafa angali juu ya paa na kitambaa alichoachiwa cha kufutia vumbi la sola.

"Shemeji, nakuachia jua langu, usilimalize!" shemeji alikuwa amemtania dirishani mwa gari kabla ya kuondoka, mkewe akicheka. "Ninyi washeni bure. Ziada kampuni ya umeme inanilipa mimi."

Bure! Hiyo bure ndiyo iliyomuudhi. Paa la baba mkwe, jua la Mungu, bangili mpya za yule mwanamke.

Akatupa kitambaa. Akabeba mazulia aliyofua, yakimchuruzika miguuni, akayatandaza juu ya vioo vya moto hata mvuke ukapanda.

Mwezi ule kampuni haikulipa hata dinari. Shemeji aliporudi aliyakuta mazulia palepale, akang'oa sola, akahamia kwa wakwe zake. Sulafa sasa analipia umeme, na anasema analala vizuri.