Yowe Halina Mwenyewe

"…Biharamulo, bibi! Wodi ya wazazi! Jina langu liko la saba kwenye orodha ya ajira!"

Ursula alikuwa hajavua hata kandambili. Bibi yake, Benedikta, aliendelea kupepeta mtama.

"Huko hawana wa kuwachoma sindano wenyewe?"

"Wananisubiri mimi. Kesho ndiyo mwisho wa kuripoti, nisipotokea nafasi anapewa mwingine. Bodaboda anakuja saa tatu, basi linatoka Bunda saa nne."

Bibi akaweka ungo chini. "Ngoja kwanza nikamfungulie ndama."

Ursula akaingia chumbani kupanga begi, anajichekea peke yake. Sare mbili, vyeti, sabuni. Miaka ishirini na mitatu kwenye kijiji hiki ilimtosha. Wanakijiji na watu wa ng'ambo ya mto walikuwaga wanapigana tangu hajazaliwa, leo ng'ombe, kesho mashamba. Baba yake aliaga asubuhi anaenda Bunda, jioni akarudishwa kwenye machela, maiti. Siku ya kuripoti form one, vita. Akachelewa wiki mbili. Siku ya kwenda chuo Musoma, vita tena. Baba mdogo akampitisha porini.

Zipu haijafika mwisho, yowe likapigwa. Likapokelewa nyumba ya pili, ya tatu, mpaka mlimani. Wanaume wakatoka na pinde. Bibi akaingia mbio, akashusha komeo.

"Wamekuja," alisema. "Hutoki."

Bodaboda akapiga simu: huko hafiki, roho anayo moja. Saa tatu ikapita. Saa nne nayo ikapita. Ursula akakaa juu ya begi, machozi yanamtoka kimya kimya. Bibi akamletea chai.

"Vita haina adabu, mjukuu wangu."

Saa nane mlango ukagongwa. Alikuwa Enos, mtoto wa baba mdogo, upinde begani, jasho linamtiririka.

"Mtoni hapakuwa na mtu, hata nyayo hamna. Ila wa ng'ambo wamesikia kelele zetu, sasa na wao wamejipanga. Wazee wameulizia hilo yowe nyumba kwa nyumba, nani kasikia kwa nani, mpaka lilipoanzia." Akamtazama bibi. "Ni hapa, bibi. Nyuma ya zizi lako."

Ursula akageuka.

"Kunywa chai, inapoa," bibi alimwambia. "Mengine nitakwambia kesho."