Ukanda wa Katikati

"Fundi, umelewa? Bandua huo ukanda kabla gundi haijakauka!"

Nyasi bandia zote za uwanja wetu mpya wa mpira nyuma ya nyumba zililalia upande wa ukuta. Za ukanda wa katikati tu ndizo zilizolalia upande wa jiko.

Fundi aliweka kidole mdomoni, akanionyesha mlango wa jiko.

Kaka yangu asiyeona alikuwa ametoka pekupeku, mpira wake wa kengele kwapani. Alipofika kwenye ukanda ule, ncha za nyasi zilimchoma nyayo. Akasimama, akaupapasa kwa kidole gumba cha mguu.

"Dada! Hapa ndipo katikati, sivyo?"

"Mstari wa rangi ungemsaidia nini?" fundi alininong'oneza.

Nilivua viatu, nikakimbilia golini.