Shati la Frasco

Frasco Montoya alivaa shati lake jipya kwenda opera, tena makusudi. Alitaka Triana nzima, mtaa wake, imwone akirudi nalo zima.

Maana kwa Wagitano wa Triana, Wajipsi wa Hispania, wimbo ukimchoma mtu kweli kweli, hulirarua shati lake hapo hapo alipokaa. Frasco, mhunzi na mwimbaji wa flamenko, nyimbo zao za uchungu, alikuwa amerarua shati mara moja tu maishani, na aliyemwimbia siku hiyo ni mama yake mzazi.

Wimbo wenyewe ulikuwa mali ya ukoo. Ulitolewa arusini tu, milango imefungwa, wasichana wametolewa nje, hakuna gitaa, ni nyundo tu ikigonga fuawe taratibu. Na ulikuwa na ajabu yake: haukuwa na mwisho. Ulipanda, ukapanda, halafu ukakatika. Frasco alijua sababu. Babu wa babu yao aliutunga akipelekwa kunyongwa, na askari wa mfalme hawakumwacha amalize. Kila aliposimulia hivyo wanaume wazima walilia, na mama yake, Bibi Tomasa, aliendelea kuvunja lozi zake kimya.

Shida ilikuwa Salud, binti yake. Mwalimu wa kwaya wa jumba la opera, kule ng'ambo ya mto, alimsikia akiimba huku anaanika nguo, akamtaka. Kwa furaha binti hakupata usingizi. Frasco akasema hakuzaa mtoto ili akapige mayowe ya Waitaliano wenye nywele za bandia. Koo la Mgitano lina damu, opera ina poda tu. Salud alilia, akasusa chakula, akatishia kujitosa mtoni. Baba mtu hakutikisika.

Ndipo Bibi Tomasa alipoziweka lozi chini.

"Nenda naye ukasikie kwanza, mwanangu," alisema. "Ukirudi na shati zima, abaki. Likiraruka, aende. Na usikae chini na matajiri. Kaa juu kabisa, sauti yote hupanda huko."

Frasco alicheka mpaka akakohoa. Aliona ameshashinda hata kabla ya kuvuka daraja.

Sehemu ya kwanza alisinzia. Ya pili alitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, watu wakamzomea, naye akawarudishia. Salud, pembeni yake, alishakata tamaa. Karibu na mwisho mwanamke mmoja alibaki peke yake jukwaani, akaanza kuimba. Frasco akaacha kutafuna.

Sauti ilipanda, ikapanda. Salud alipomgeukia baba yake aliona midomo yake inaufuata wimbo na machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Mara akasikia vifungo vinadondoka sakafuni.

"Wezi!" Frasco alinguruma, kifua wazi. "Huo ni wimbo wa mama yangu!"

Walinzi hawakumwacha amalize. Walimburuta mpaka barabarani, yeye na binti yake, pazia hata halijashuka.

Njia nzima aliwatukana Waitaliano. Wameiba jasho la marehemu, wakalipaka poda, sasa wanawauzia watu tiketi! Walipofika nyumbani alitoa amri. Salud aende opera kesho asubuhi, akaishi na wezi hao hao, asirudi bila mali ya ukoo. Kisha akatoka uani kuwaonyesha majirani shati lake, na kuwasimulia upya habari za babu yao na kitanzi.

Salud alipiga magoti akaibusu mikono ya bibi yake. Hakuamini bahati yake. Bibi Tomasa alimsogezea bakuli la lozi, akasikiliza kidogo makelele ya uani, akatikisa kichwa.

"Mwache baba yako, mjukuu wangu, roho yake nzuri," alisema. "Ila wewe ukifika huko, usikilize mpaka mwisho, uje uniimbie. Mimi usichanani nilikuwa nauza maji kule juu operani, na kila wimbo huo ukifika hapo unapokatika ilinibidi niteremke mbio na mtungi wangu, niwawahi watu mlangoni."